Mkono wa Kulia wa Seu Valdir

Ninyi mabinti, na wewe kijana wa kiume mmoja ambaye nasikia una mkono mwepesi kuliko wenzako wote, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi ya kucha. Sawa. Nimestaafu, muda ninao, na mgongo wangu umeanza kukisahau kile kiti. Ila msitarajie niwafundishe kupaka rangi. Rangi mnajifunza kwenye simu, na mnapaka vizuri kuliko mimi. Mimi nitawasimulia habari za mkono mmoja wa mtu mmoja, kwa sababu katika miaka yangu yote ya saluni, kuanzia Temple Hills hadi Bladensburg, pembeni mwa Washington, mkono ule ndio ulionifunza kazi.

Mwenye mkono ni Valdir, Mbrazili, mpiga gitaa na mwimbaji. Wenzake humwita Seu Valdir. Hiyo "Seu" ni heshima yao, kama sisi tunavyosema Bwana au Mzee. Mimi akaniita Dona Sauda, ambayo ndiyo Bi Sauda ya kwetu. Tuliongea Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, na tukaelewana kuliko watu wengi waliozaliwa nacho.

Siku aliyoingia saluni kwa mara ya kwanza nilikuwa bado mgeni kazini. Mwenye saluni alikuwa Mama Béa, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha barabara. Valdir alikuwa ameamka alfajiri kupeleka maua madukani, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mchana. Akaketi mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, akasema "kucha, tafadhali," kisha usingizi ukamchukua.

Nikaitazama mikono. Wa kushoto kucha zote fupi, safi, zimekatwa hadi nyamani. Wa kulia zote ndefu. Nikajiambia, nimeelewa. Mtu anayetumia mkono wa kulia hujikata vizuri wa kushoto, kisha akigeuza mkasi upande wa pili unamshinda. Huyu ameanza mwenyewe nyumbani, ameshindwa, amekuja nimmalizie. Na bibi yangu Tanga alinifunza kukata kucha kabla hajanifunza kusuka ukili: sema bismillahi, anza na mkono wa kulia, anza na kidole cha shahada. Nikasema bismillahi. Nikakata.

Aliamka kwa mlio wa mkasi. Akakitazama kidole, akatamka neno moja la Kireno. Maana yake nilikuja kuijua baadaye na siwaandikii hapa.

"Weye Sauda!" Mama Béa alikuja mbio na taulo mkononi. "Uliuliza? Minakuuliza mimi, uliuliza kwanza? Mukono ya mutu haiko yako! Unauliza, ndiyo unakata!"

Kumbe mpiga gitaa wa namna yake hapigi kwa kidole wala kwa kipande cha plastiki. Anapiga kwa kucha za mkono wa kulia. Kwa kushoto anabonyeza nyuzi, kwa hiyo lazima ziwe fupi, na kwa kulia ananyofoa sauti, kwa hiyo lazima ziwe ndefu. Ile niliyoikata alikuwa ameilea kwa miezi, na kesho yake alikuwa na kazi ya kupiga hotelini.

Nilidhani sitamwona tena. Kesho yake asubuhi akaingia na mpira wa tenisi ya meza mfukoni. Akaniwekea mezani mkasi na gundi ile kali, ya kubandikia hata viatu. "Wewe uliyeikata," alisema, "ndiye utakayeitengeneza." Akanionyesha jinsi ya kukata kipande cha mpira ule, kukipinda kifuate umbo la kidole, kukibandika chini ya kisiki cha kucha na kukisugua kwa tupa mpaka kifanane na mwenyewe. Nilitokwa jasho kama niliyepewa kumtahiri mtoto wa mfalme. Jioni akapiga, kipande hakikutoka, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeushika mkono ule.

Sasa sikilizeni niwaambie alivyoishi, mjue kucha ni nini kwa mtu wa kazi ile. Kwao ni mji mdogo wa bara, mbali na pwani, baba yake kinyozi. Gitaa alijifunza kwenye duka la baba, akisubiri wateja. Alikuja huku na kikundi cha wanamuziki na wachezaji, kikundi kikavunjika, wenzake wakarudi, yeye akabaki Bladensburg kwenye chumba cha juu ya duka la matairi. Nyumbani alikuwa ameacha binti mdogo, Ivone. Alisema anabaki mwaka mmoja tu. Ninyi wenyewe mnaujua mwaka huo wa wageni, hauna Desemba.

Wabrazili wenzake walikuwa wanajenga nyumba, wanaweka vigae, wanapata riziki nzuri. Walimwita mara nyingi. Alikataa, kwa sababu ya kucha. Akachagua maua, kwa vile ua haliwezi kumvunja mtu kucha. Chupa ya achari hakufungua hata siku moja. Mlango wa gari alifungua kwa kushoto. Wakati wa baridi mkono wa kulia aliutia mfukoni ndani ya soksi mbili za sufu. Watu walimcheka. Alikuwa akipiga kwenye mikahawa ya Washington kwa wateja wanaotafuna wakiongea, usiku wa Jumatano mahali hapa, Jumapili mchana mahali pale, na hata siku moja sikumsikia akisema ataacha.

Mimi nikaamua kwamba kama yeye haachi, basi na mimi nitaijua kazi yake hadi mwisho. Nilichukua ubao, nikapigilia misumari miwili, nikakaza uzi mmoja wa gitaa kati yake. Ubao huo niliuweka chini ya meza yangu miaka yote. Nikimaliza kusugua kucha, anaipitisha kwenye uzi, nami nasikiliza. Sauti ikikwaruza, ukingo bado una meno. Ikiwa nyembamba, kucha imekuwa na ncha sana. Ikichelewa kutoka, umeiacha ndefu. Macho hayawezi kukuambia hayo. Tupa ya chuma usiiguse kabisa, inapasua kucha matabaka. Tumia tupa ya kioo kwanza, halafu msasa laini kabisa, ule wa mafundi wa rangi za magari, halafu mgongo wa msasa huohuo. Na usugue upande mmoja tu. Wewe unayesugua mbele na nyuma kama unakata kuni, ndiyo, wewe, nimekuona kwenye ile video.

Zilipokuja mashine za kusagia kucha, saluni nzima ikafurahi. Mimi pia, msinielewe vibaya, mashine imeniokolea mabega. Lakini mkono wa Valdir haukuionja. Baadaye zikaja jeli na taa zake za buluu. Tulijaribu kwenye kidole cha pete. Akakipitisha kwenye uzi wa ubao, sauti ikatoka butu, tukatazamana, tukaanza kuibandua.

Nisisahau harusi. Watu wa Tanga walikuwa wanaozesha Temple Hills, na mwanamuziki wao akaugua siku yenyewe. Nikawaambia ninaye mtu. Valdir akafika na gitaa, suti imepigwa pasi. Baba wa bibi arusi, mzee mmoja mkali wa adabu, akaja kumpokea kwa mkono. Valdir akampa wa kushoto.

Ninyi mliozaliwa huku labda hamwoni tatizo, lakini kumpa mzee wa pwani mkono wa kushoto, tena mbele ya wakwe, ni kumtukana mchana kweupe. Mzee alirudisha mkono wake nyuma. Nikapenya katikati yao.

"Mzee wangu, shikamoo. Huyu mkono wake wa kulia ni mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa wa nini? Mbona amebeba gitaa?"

"Si ugonjwa wa maumivu, mzee. Akiushika mtu mwenye nguvu kama wewe, harusi haina muziki."

Hilo la nguvu lilimwingia. Alicheka, akampiga Valdir begani. Siku ile ile nikamfundisha Valdir kuweka mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa. Akaisalimia hivyo dunia nzima tangu hapo, hata polisi wa barabarani. Na alipiga vizuri, ila alikataa kupanda jukwaani. Kwao wanamuziki hukaa kuizunguka meza, wanatazamana wao kwa wao, na watu husimama nyuma ya migongo yao. Aliomba meza, akapewa meza ya keki.

Miaka ikaenda. Mama Béa alizeeka, akaniachia saluni tulipokwisha kuhamia Bladensburg, lakini akawa bado anakuja kukaa karibu na dirisha na kunisahihisha. Halafu Valdir akapata saratani. Aliniambia akiwa ameketi palepale pake, mkono umelala kwenye taulo, kwa sauti ya mtu anayeahirisha miadi. Nikasugua kucha mpaka mwisho. Aliposhuka ngazi nikaingia stoo nikalia.

Dawa zile za kutiwa mshipani zilimtoa nywele, akavaa kofia. Zikamtoa nyusi, akasema amepata sura ya yai. Kisha zikaingia kwenye kucha. Mtu asiyewahi kuona hawezi kujua. Kucha hugeuka rangi, hufanya mistari, halafu huachana na nyama chini taratibu, ikabaki imeshikwa pembeni tu. Chini yake kuna unyevu. Ukiigusa inacheza.

Katikati ya hayo akaja akiwa na furaha sijaiona kwake kwa mwaka. Ivone anakuja. Yule binti aliyemwacha mdogo, sasa mwanamke mtu mzima, amepata viza na anakuja kumuuguza baba yake. Alikuwa amemsikia kwenye kanda na kwenye simu tu, hajawahi kumwona akipiga. Wabrazili na watu wetu wakaazima ukumbi wa kanisa hapo Bladensburg kwa Jumapili mchana, Valdir apige mbele ya binti yake.

"Nibandikie zote," akasema. "Mpira wa meza, kitambaa cha hariri, chochote. Zote nne na gumba."

Nikaushika mkono, nikauweka chini ya taa. Nikauangalia kwa muda mrefu.

"Sibandiki."

"Dona Sauda."

"Sibandiki, Seu Valdir. Nikibandika juu ya hii nafunga uchafu ndani, na mwili wako sasa hauna cha kujipigania. Utapata kidonda kitakachopanda mkono. Binti yako anakuja kumwona baba, haji kumzika."

Alikuja juu. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema anajua anachotaka. Alisema miaka yote hii ameishi na njaa, na baridi, na kazi ya maua kwa ajili ya sauti moja, na binti yake hajaisikia ana kwa ana, na kama hataisikia Jumapili basi aliondoka kwao bure. Alisema saluni ziko kila kona na vijana wa siku hizi wanabandika chochote bila maswali. Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nawaandikia.

"Nenda," nikamwambia. "Nami leo hii nitazipigia simu saluni zote, kutoka hapa mpaka Beltsville, niwaambie hali ya mkono wako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Piga kwa nyama ya vidole."

"Kwa nyama! Kupiga kwa nyama ni kuimba bila meno!"

Akaondoka. Mama Béa alikuwa dirishani, amesikia yote. Nilitegemea angenigombeza kwa kumfukuza mteja.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Sasa uombe Mungu, ule mutu arudie hapa."

Ninyi vijana, kusema hapana kwa mteja mgeni ni rahisi. Ngumu ni kumwambia mtu unayempenda, tena pale ambapo ndiyo ingemfurahisha. Nililala vibaya siku zile. Lakini kila nilipofikiri kumpigia kusema haya njoo, niliuona ule unyevu chini ya kucha, nikaiweka simu chini.

Akarudi Ijumaa mchana, saluni imejaa. Hakunisalimia. Alikuwa na gitaa. Alivuta kiti katikati ya chumba, akakaa, akasema, "Nimekuja uisikie ilivyo mbaya." Nilipotazama mkono wake, kucha zilizokuwa zimelegea zilikuwa zimekatwa na nesi, na vidole vilikuwa vimevaa plasta nyembamba nyuma ya ncha. Akaanza kupiga kwa nyama ya vidole.

Sikusikia kitu. Namwona tu vidole vinatembea. Mashine za kukausha nywele zilikuwa zinanguruma, mashine ya kusagia kucha inalia, redio inaongea peke yake.

"Umesikia?" akauliza kwa uchungu. "Maiti!"

Chini ya mashine ya nywele alikuwepo mteja Mkenya, dada mmoja wa Nakuru. Akakitoa kichwa nje. "Ai, si mzime hii kitu! Mzee anaplay na siskii!" Akaizima mwenyewe. Mama Béa akazima redio. Mimi nikaizima mashine ya kucha mkononi mwa msichana wangu wa kazi. Mmoja akakumbuka feni. Halafu ukawa ukimya ambao saluni ile haikuwahi kuupata tangu kufunguliwa, na ndani yake sauti ikatoka.

Ilikuwa ndogo, na nene, na ya karibu sana. Ile ya kucha ilikuwa ikimfikia hata mtu wa mlangoni anayetafuna. Hii ililazimu uifuate. Nikajikuta nimeacha meza yangu na kusogea, na wengine hivyo hivyo, mmoja ana rangi kichwani, mmoja vidole vibichi amevipanua hewani. Akaanza kuimba pia, chini chini, kwa sababu sauti kubwa ingeifunika gitaa. Alipomaliza akainua macho akatuona tumemzunguka. Alitia gitaa kwenye mfuko wake, akaweka mkono kifuani, akainama, akaenda.

Basi Jumapili nilifika ukumbini kabla ya watu, nimefunga kanga kiunoni kama ninayekwenda kupika pilau la hitima. Nilichomoa friji. Nilichomoa mtambo wa kahawa. Nilimsumbua mlinzi wa jengo mpaka akazima kipoza hewa, na ilikuwa joto, nawaambia. Meza moja tu tukaiweka katikati, na viti vyote tukavisogeza vikaizunguka. Watu wetu na Wabrazili wote ni watu wa kelele, hawawezi kusikia muziki bila kuujibu. Nilisimama mlangoni nikamwambia kila aliyeingia: leo hakuna vigelegele, hakuna simu, na mwenye mtoto ampakate. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia akae.

Ivone alikaa upande wa pili wa meza, mbele ya baba yake, amefumbata mikono. Valdir alipoanza, nilimwona binti akishangaa kwanza, maana alikuwa ameizoea ile sauti kali ya kwenye kanda. Akainama mbele. Akainama tena. Mwishowe alilaza shavu lake mezani, karibu na gitaa, macho wazi, akabaki hivyo mpaka mwisho, na baba yake akamwimbia palepale bila kuinua sauti. Jasho lilitutiririka wote na hakuna aliyejipepea. Nililia waziwazi, na sikutafuta stoo.

Matibabu yalikwisha, Mungu akajalia yakamkubali. Ivone alibaki, akapata kazi na baadaye mtoto. Na kucha zikaanza kurudi. Kwanza mwezi mwembamba chini, halafu nusu, halafu kucha kamili, ngumu, nyororo, nzuri kuliko za mwanzo. Nilizipaka mafuta kila alipopita na kuzihesabia siku kama mwenye shamba. Nikanunua tupa mpya ya kioo na msasa mpya. Nikabadilisha uzi wa ubao. Nilikuwa nakaribia kustaafu, na nikajiapia kwamba kazi yangu ya mwisho itakuwa kuirudisha sauti ile kama nilivyoikuta kabla sijaikata.

Akaja asubuhi, saluni tupu. Akaketi, akaulaza mkono wa kulia kwenye taulo. Nikachukua tupa.

"Zikate," akasema.

Nilidhani Kiingereza chetu kimetuangusha. "Nizisugue?"

"Zikate, Dona Sauda. Zote. Kama za kushoto."

Nikaweka tupa chini. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Nikamwambia nimengoja kucha hizi muda wote huu, nimezilea, zimepona, sauti yako imerudi, binti yako yupo, sasa ndiyo aisikie. Sikumung'unya maneno. Nilijisikia kama naambiwa nibomoe nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Zamani nikipiga, watu walinisikia wakiwa wamekaa," alisema. "Sasa wanasogeza viti. Siwezi kurudi kule." Akautazama mkono. "Halafu mjukuu wangu anataka kubebwa. Nilimkwaruza jana."

Nilikuwa na majibu mengine, lakini hilo la mtoto lilinimaliza. Nikakumbuka pia maneno ya Mama Béa: unauliza, ndiyo unakata. Nikamuuliza mara ya mwisho. Akaitikia kwa kichwa.

Nikachukua mkasi. Nikasema bismillahi, nikaanza na mkono wa kulia, kidole cha shahada. Safari hii alikuwa macho.